Mkahawa wa Kifaransa na somo la kuvitaja vyakula vyetu

Nimewahi kuaibika mezani mara moja tu katika utu uzima wangu, na aibu yenyewe haikutokana na kushika uma kwa mkono usiofaa. Miaka michache iliyopita nilihudhuria kongamano la wanaisimu katika jimbo la Bretagne, kaskazini-magharibi mwa Ufaransa. Siku ya kufunga kongamano, mwenyeji wangu, profesa mzee mwenye adabu nyingi, alinialika chakula cha jioni katika mkahawa mmoja wa fahari karibu na mji wa bandari wa Saint-Malo.

Sina haja ya kuutaja mkahawa huo kwa jina. Yatosha kusema kwamba ulikuwa katika nyumba kongwe ya mawe, wenye taa za mwanga wa kadiri, vitambaa vya meza vyeupe vilivyopigwa pasi hadi kwenye pindo, na ukimya ambao kwetu hupatikana maktabani. Wahudumu walitembea kama watu wanaochelea kumwamsha mtoto. Kila mmoja wetu alikabidhiwa orodha ya vyakula yenye jalada gumu mithili ya kitabu cha sala. Yangu haikuwa na bei. Nilidhani ni kosa la mpigachapa, hadi mwenyeji wangu aliponieleza kuwa ni desturi ya kale katika mikahawa ya namna hii kumpa mgeni aliyealikwa orodha isiyo na bei, asije akala kwa kuuhurumia mfuko wa mwenzake.

Niliisoma orodha hiyo kwa jicho la kazi yangu. Karibu kila kitu kilikuwa na kwao. Chaza walikuwa wa Cancale. Nyama ya mwanakondoo ilikuwa ya malisho ya chumvi ya ghuba ya Mont-Saint-Michel. Hata mkulima wa mboga alitajwa kwa jina. Ila mchuzi wa samaki, ambao ndio uliousifisha mkahawa huo, ulielezwa kwa maneno matatu tu: viungo vya mbali.

Nilimwuliza mhudumu ni viungo gani. Akanihesabia: karafuu, mdalasini, vanila, pilipili manga, manjano. Nikamwuliza vimetoka wapi. "Visiwani, bwana," akajibu kwa upole, kisha naye akaniuliza: "Na huko kwenu samaki humpika vipi?"

"Kwa nazi," nikasema.

Akangoja. Profesa naye akaweka uma chini akangoja. Sikuwa na la kuongeza. Mimi niliyelelewa Mombasa kwa samaki wa kupaka, niliyemwona mama akimchoma samaki kwa makaa, akimpaka tui zito lililotiwa tangawizi, kitunguu saumu, pilipili na ukwaju, kisha akimrudisha motoni hadi mchuzi ushikamane na ngozi, nilikosa neno. Kifaransa changu si kibovu kiasi hicho. Asubuhi ya siku ile nilikuwa nimesoma makala kwa lugha hiyo mbele ya ukumbi mzima. Nilichokosa ni mazoea. Sikuwahi kukitaja chakula chetu mbele ya wageni kama kitu chenye jina, chenye kwao na chenye utaratibu wake.

Aibu hiyo ndiyo iliyonisukuma kuyaandika haya. Watu wengi huamini kwamba fahari ya mkahawa wa Kifaransa imo katika vioo, fedha na mishumaa. Mimi naamini imo katika lugha. Wafaransa walifika walipofika katika upishi kwa sababu walikubali kuvipa majina vitu vyao na kuyaandika majina hayo, kisha wakayashikilia hata mbele ya wageni wasioyaelewa.

Hebu tulitazame neno lenyewe, restaurant. Hapo mwanzo halikuwa jina la mahali. Limetokana na kitenzi chenye maana ya kurejesha au kutia nguvu upya, na katika karne ya 18 mjini Paris lilikuwa jina la supu nzito waliyonyweshwa watu dhaifu. Kuanzia miaka ya 1760 wakatokea watu waliofungua nyumba za kuuza supu hiyo, na jina la supu likahamia kwenye nyumba. Mageuzi yalikuwa makubwa kuliko yanavyoonekana. Katika nyumba za wageni za zamani msafiri aliketi kwenye meza ya wote, saa iliyopangwa, akala kilichoteremshwa. Katika nyumba hizi mpya aliketi mezani pake, saa aliyotaka, akapewa orodha, akachagua. Orodha hiyo ndiyo iliyomfanya mlaji kuwa msomaji.

Miaka ya 1780 mpishi aitwaye Antoine Beauvilliers alifungua mjini Paris mkahawa wa kifahari wenye meza nzuri na watumishi nadhifu. Kisha yakaja Mapinduzi ya 1789. Wapishi wengi wa makabaila walipoteza mabwana wao, na baadhi yao wakaingia katika biashara hii. Mwaka 1803 Grimod de la Reynière akaanza kutoa kitabu cha kila mwaka cha kuwahukumu wauzaji wa vyakula wa Paris. Baada yake Antonin Carême akaipanga michuzi katika koo, kama mwanasarufi apangavyo ngeli. Mwaka 1903 Auguste Escoffier akachapisha kitabu cha mapishi ambacho wapishi wa mataifa mengi walikichukua kama sheria yao. Escoffier alipokuwa mpishi mkuu wa hoteli ya Savoy jijini London hakuacha kutumia Kifaransa eti kwa kuwa wateja wake walikuwa Waingereza. Alitaja kwa Kifaransa, nao Waingereza wakajifunza. Kampuni ya matairi ya Michelin, iliyoanza kutoa kitabu chake cha wasafiri mwaka 1900, ikaanza kutunuku nyota za mikahawa mwaka 1926. Hatimaye, mwaka 2010, UNESCO ikauingiza mlo wa Wafaransa katika orodha ya turathi za binadamu zisizoshikika.

Tanbihi, msomaji. Kila hatua katika historia hiyo ni hatua ya lugha: jina, orodha, hukumu, kitabu, daraja, ithibati. Sufuria zilikuwapo kila mahali duniani. Kalamu ndiyo iliyokuwa haba.

Nitatoa mfano mmoja ulionigusa mimi mwanaisimu. Wafaransa wana kitenzi braiser, kilichotokana na neno la kwao la makaa ya moto. Zamani chungu kiliwekwa juu ya makaa, na makaa mengine yakawekwa juu ya kifuniko, chakula kikaiva polepole kwa moto wa chini na wa juu. Mswahili aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa jambo hili. Ni kupalia. Wali hupaliwa, mkate wa sinia hupaliwa. Watu wawili wasiojuana waligundua maarifa yaleyale, kila mmoja akayapatia neno lake. Lakini neno la Kifaransa liliingia kitabuni, likaingia katika shule za wapishi, likavuka hadi Kiingereza na lugha nyinginezo. Letu limebaki jikoni kwa bibi. Sijui ni wangapi miongoni mwa wanafunzi wangu waliozaliwa katika zama za jiko la gesi wanaolijua.

Sasa tuvirudie vile viungo vya mbali, kwa maana humo mna jambo zito zaidi.

Mtu aliyeupa upishi wa namna hii sifa kubwa katika pwani ile ni Olivier Roellinger, mzaliwa wa Cancale. Alikuwa mwanafunzi wa kemia. Mwaka 1976 alishambuliwa na kundi la vijana akajeruhiwa vibaya, na katika muda mrefu wa kuuguza majeraha ndipo alipoamua kuwa mpishi. Mwaka 1982 yeye na mkewe Jane walifungua mkahawa katika nyumba aliyokulia, nyumba ya karne ya 18 ya aina waliyojijengea matajiri wa meli wa Saint-Malo. Badala ya kuiga upishi wa Paris alijiuliza meli za mababu zake zilirudi na nini. Jibu lake likawa samaki katika mchanganyiko wa viungo 14, chakula alichokiita kwa Kifaransa marejeo kutoka Uhindi. Alipata nyota ya tatu ya Michelin mwaka 2006. Mwaka 2008 akatangaza kuufunga mkahawa huo kwa sababu mwili ulikuwa umechoka, akajishughulisha zaidi na biashara ya viungo. Mwanawe Hugo, aliyekuwa afisa wa meli kabla ya kuingia jikoni, ameendeleza upishi huo wa bahari na viungo katika mkahawa wao mwingine wa pwani ileile.

Simlaumu Roellinger. Yeye amefanya lile ninalolisifu: ameitaja historia ya mji wake kwa sahani. Lakini jina la chakula haliwezi kubeba kila kitu. Meli zilizorudi kutoka Uhindi zilipitia katika bahari yetu, na sehemu ya hadithi ile ni yetu sisi.

Vituo vyao vikuu vilikuwa kisiwa cha Bourbon, ambacho leo ni Réunion, na kile walichokiita Kisiwa cha Ufaransa, ambacho leo ni Mauritius. Mahé de La Bourdonnais, gavana aliyeanza kuvitawala visiwa hivyo mwaka 1735, alizaliwa Saint-Malo. Mashamba ya huko yalitaka mikono, na mikono ilitafutwa Bukini, Msumbiji na katika mwambao wetu. Mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice alitiliana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka. Mkataba uliandikwa. Majina ya hao elfu hayakuandikwa. Robert Surcouf, nahodha ambaye sanamu yake imesimama Saint-Malo hadi leo, aliwahi naye kuifanya biashara hiyo ya watu.

Karafuu nazo zina hadithi yao. Waholanzi waliihodhi biashara yake katika visiwa vya Maluku hadi mwaka 1770, wakati Pierre Poivre, msimamizi wa Kisiwa cha Ufaransa, alipofaulu kuletewa miche yake kwa magendo. Kutoka visiwa hivyo vya Wafaransa mkarafuu ulifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Chini ya utawala wa Seyyid Said mashamba yakaenea Unguja na Pemba, yakilimwa na watumwa waliotolewa bara. Hata jina lina safari yake. Karafuu tumelipokea kutoka Kiarabu, na Kifaransa wanasema girofle, neno lililotokana na Kiyunani kwa njia ya Kilatini. Wanaisimu huyahesabu maneno hayo mawili kuwa ya ukoo mmoja. Mhudumu wangu aliposema neno lile nami nikalitafsiri moyoni, tulikuwa tukitamka jina la ndugu wawili waliopotezana.

Na vanila? Mmea huo asili yake ni Mexico. Uliletwa Bourbon ukachanua, lakini haukuzaa, kwa kuwa wadudu wa kuuchavusha hawakuwako. Wataalamu walihangaika. Mwaka 1841 kijana mtumwa mwenye umri wa miaka 12, Edmond, alionyesha jinsi ya kuliinua tando jembamba ndani ya ua kwa kijiti na kulikamilisha jambo kwa kidole gumba. Njia yake ndiyo inayotumika hadi leo, na kwayo vanila ikawa zao kubwa la visiwa hivyo, na baadaye la Bukini. Mvulana huyo hakuwa na jina la ukoo, kwa kuwa mtumwa hakuruhusiwa ukoo. Alipopata uhuru mwaka 1848 alipewa jina la Albius, ambalo inasemekana limetokana na neno la Kilatini la weupe. Alikufa maskini mwaka 1880. Kila asubuhi mpishi wa kifahari hupasua kijiti cha vanila kwa ncha ya kisu, na aghalabu hawazi kwamba ameshika kazi ya kidole cha mtoto.

Kwa hiyo vile viungo havikuwa vya mbali kwangu. Vilikuwa vimepita mlangoni petu, na baadhi vikiwa mikononi mwa watu wetu. Mimi ndiye niliyestahili kumweleza mhudumu, naye ndiye aliyekuwa akinieleza.

Niliporejea nchini nilianza kuziangalia orodha za vyakula vyetu kwa makini zaidi. Katika hoteli moja ya pwani, iliyojengwa kwa milango ya nakshi na kupambwa kwa vitanda vya kamba ili mgeni ajue amefika Uswahilini, orodha nzima ilikuwa kwa Kiingereza, isipokuwa supu moja yenye jina la Kifaransa lililoendelezwa vibaya. Samaki wa kupaka alikuwamo, ila aliitwa samaki wa mchuzi wa nazi, kwa Kiingereza. Mahamri yaligeuzwa maandazi matamu ya Kiafrika. Mbaazi za nazi hazikuwamo, ingawa niliwakuta wapishi wakizila nyuma ya jengo. Nilipomwuliza msimamizi kwa nini, alinijibu: "Mwalimu, wageni hawataelewa."

Jibu hilo halina mashiko. Mgeni hufika Nairobi akiwa hajui neno hata moja la Kiswahili, na baada ya siku mbili anaagiza nyama choma kwa jina lake. Hakuna aliyemtafsiria, kwa kuwa mwuza nyama hakuwahi kuona haya kuiita hivyo. Mgeni huyohuyo anaposoma jina la Kifaransa asilolielewa hasusii chakula. Huuliza, na kuuliza kwake ni sehemu ya starehe anayoilipia. Kwa nini basi tudhani kwamba kitu kisichoeleweka kwa Kifaransa ni cha fahari, ilhali kisichoeleweka kwa Kiswahili ni usumbufu?

Najua nitaulizwa kama mambo haya yanamfaa mwananchi ambaye hajui atakula nini kesho. Swali ni la haki. Mlo wa mtu mmoja katika mkahawa wa nyota tatu unaweza kupita ujira wa kibarua wetu wa mwezi mzima, nami sipendekezi tujenge mikahawa hiyo. Mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Nasema tuwaige Wafaransa katika lile lisilogharimu kitu, yaani kukitaja chakula kwa jina lake na kukiandika. Kuandika kande, mukimo, mrenda au mkate wa mofa kwa majina yao hakumpunguzii maskini sahani yake. Kunaweza hata kumwongezea, kwa kuwa chakula chenye jina hutafutwa, na kinachotafutwa hununuliwa.

Wala hatuanzi kutoka patupu. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi iliyofanywa Kenya ya kuhifadhi na kuvikuza vyakula vya asili, ikaiweka miongoni mwa mifano ya kuigwa ya kulinda turathi. Kazi hiyo iliwahusisha wanasayansi, jamii na watoto wa shule. Sasa inasubiri wenzangu wa idara za Kiswahili. Tumeunda istilahi za kompyuta na za sheria. Ni lini tutaketi na mama zetu tukusanye istilahi za jikoni? Kuunga si kukaanga, tui la kwanza si tui la pili, na kurojesha si kuchemsha tu. Vyuo vya hoteli vinavyowafunza vijana wetu vitenzi vya Kifaransa, na vinafanya vyema, vingeweza kuwafunza pia kupalia. Wenye hoteli nao waandike jina la Kiswahili kwanza, kwa herufi kubwa, na maelezo ya Kiingereza yafuate chini kwa herufi ndogo.

Jioni ile tulimaliza kwa kahawa. Mhudumu aliiweka mbele yangu na kusema, kwa majivuno kidogo, kwamba ilikuwa ya Kenya. Hicho ndicho kitu pekee cha kwetu kilichotajwa kwa jina mezani pale, na sababu yake ni wazi: kwa miaka mingi tumeipima, tumeipa madaraja na kuiuza kwa jina letu. Profesa alifurahi nilipomweleza kwamba mwaka 1715 mibuni ilitolewa Mocha, Yemen, ikapandwa Bourbon, na kwamba mapadri wa Kifaransa walipopanda mibuni Bura, Taita, mwaka 1893, mbegu zao zilikuwa za asili hiyo ya Bourbon. Nikamwongezea kwamba café ya kwao na mkahawa wetu ni maneno ya shina moja la Kiarabu, na kwamba lugha zote mbili zilikichukua kinywaji zikakifanya kuwa mahali pa kuketi. Hapo angalau sikukosa la kusema.

Deni la samaki lilibaki. Juma moja baada ya kurudi nilikwenda Mombasa, nikaketi jikoni na daftari, na mama akanisomea hatua zote, akinicheka kwamba shahada zote zile zimenirudisha kwenye kigoda chake. Nilimwandikia profesa barua ndefu kwa Kifaransa, hatua kwa hatua. Jina la chakula sikulitafsiri. Alinijibu baada ya mwezi kwamba amejaribu, ameunguza mara ya kwanza, amefaulu mara ya pili, na sasa anataka kujua maana ya neno kupaka.